Baba Ameamka

Mzee alipoteleza jikoni na kuteguka mkono, watoto wake wawili waligombana kuliko walivyowahi kugombana tangu mama yao afariki. Mkubwa, ambaye nyumbani kila mtu alimwita Dada, hata baba yake mzazi, alitaka atafutwe mtu wa kushinda na Mzee. Mdogo wake alikuwa anaitwa Nati, kwa sababu utotoni hakuna kitu chenye skrubu kilichowahi kusalimika mikononi mwake. Yeye alisema hakuna haja ya mtu, Mzee atamfukuza kabla hata hajavua viatu. Dawa ni vifaa.

Mzee mwenyewe aliwasikiliza wakibishana mbele yake kana kwamba hayupo. Alikuwa ameendesha malori ya safari ndefu tangu ujanani mpaka alipostaafu, akilala peke yake ndani ya kichwa cha gari usiku hata usiku, na hakuona upweke una ubaya gani. Mwishowe akakubali vifaa, tena kwa shingo upande, na akatoa masharti. Kwanza, hataki kamera.

"Sitaki jicho ndani ya nyumba yangu," alisema. "Nikitaka kukaa na bukta, nikae na bukta."

Pili, asipigiwe simu kila kukicha kuulizwa kama bado yu hai. Hilo, alisema, linamfanya mtu aanze kujishuku.

Basi Nati akaja na maboksi yake. Juu ya friji, kando ya kifaa cha intaneti, aliweka kisanduku cheupe kilicholingana na sahani ndogo, na hicho ndicho kilikuwa bosi wa vingine vyote. Kwenye mlango wa chumba cha kulala, wa bafuni na wa friji alibandika vidude vidogo vya kujua kama mlango umefunguliwa au umefungwa. Birika la umeme likapewa soketi yake maalumu. Ukumbini akatundika spika ya duara, na Mzee akaipenda mara moja kwa kuwa ilitoa redio bila mikwaruzo. Mlango mkuu wa kuingilia ndani akauondolea kitasa cha zamani, akaweka kinachofunguka kwa namba au kwa simu.

Tatizo ni kwamba kisanduku kilizungumza na simu ya Nati tu, kwa kuwa akaunti ilikuwa yake. Na Nati alikuwa fundi wa minara ya simu. Siku nzima yuko angani amejifunga mikanda, simu yake ameiacha ndani ya gari la kazi, maana sheria ya kampuni ilikataza mtu kupanda na kitu kinachoweza kumdondokea aliye chini. Dada akauliza, sasa huo ulinzi unamlinda nani?

Dada alifanya kazi kwenye duka la miwani, chumba cha nyuma, kwenye mashine ya kusaga lenzi. Mteja mmoja aliyekuja kubadilishiwa fremu ndiye aliyemweleza habari ya huduma ya mtandaoni inayounganisha vitu ambavyo havikuzaliwa kujuana. Unaipa kanuni moja nyepesi, likitokea hili fanya lile, halafu unaendelea na shughuli zako. Jumapili iliyofuata Dada alikaa kwenye meza ya baba yake na kompyuta, Nati ng'ambo ya meza akimenya chungwa.

Alifungua akaunti, akatafuta jina la kampuni ya kile kisanduku katikati ya msururu wa alama za rangi, akabonyeza. Ukurasa ukauliza kama mwenye vifaa anairuhusu huduma hii ivione na iviendeshe, ukaorodhesha kila kimoja na kiboksi chake cha kuwekea tiki. Namba ya uthibitisho ikaingia kwenye simu ya Nati, naye akaisoma kwa sauti huku chungwa likiwa mdomoni. Dada aliweka tiki kwenye milango ya ndani, kwenye soketi, kwenye spika. Alipofika kwenye mlango mkuu, mkono ukasita.

"Mlango hapana," alisema.

Nati akamwambia ana woga wa bibi kizee. Dada akajibu kwamba birika na redio sawa, lakini mlango wa baba yao hawezi kuukabidhi kwa watu asiowajua hata wanaishi wapi. Nati akainua mabega, akala chungwa lake.

Kisha akaandika kanuni. Kitu cha kwanza ambacho Mzee hufanya akiamka, kabla hata ya kunawa uso, ni kuchemsha maji ya chai. Kwa hiyo soketi ya birika ikianza kuvuta umeme, huduma imtumie Dada ujumbe, na ujumbe wenyewe aliutunga pale pale: Baba ameamka.

Walijaribu. Mzee akaenda jikoni kwa mwendo wa mtu anayezindua daraja, akabonyeza swichi, na simu ya Dada ikatetemeka juu ya meza.

"Kwa hiyo birika ndilo litakalokuwa msemaji wangu," Mzee alisema, akacheka mpaka akakohoa.

Ikawa hivyo kwa miezi. Ujumbe ulimkuta Dada akipiga mswaki, au akisimama kituoni kusubiri basi, na kila ulipoingia bega lake la kushoto, ambalo tangu mama yao afariki lilikuwa limekaza kama kamba, lililegea kidogo. Alianza kuuzoea. Hapo mwanzo alikuwa bado akipiga simu kila jioni. Halafu ikawa jioni moja moja, halafu mwisho wa wiki, na Mzee hakulalamika, kwa sababu si ndivyo alivyotaka?

Siku ya tukio ujumbe uliingia kama kawaida, Dada akifunga kamba za viatu. Alifika dukani, akavaa aproni, akawasha maji ya mashine. Alikuwa na lenzi nene za mwalimu mmoja mstaafu, kazi ya polepole isiyotaka haraka, akaona ni wasaa mzuri wa kusikiliza jumbe za sauti za Nati zilizokuwa zimelundikana. Nati hakuwa mtu wa kuandika. Alirekodi, tena ndefu ndefu, upepo ukivuma nyuma yake, na Dada alikuwa na mazoea ya kusikiliza pale mwanzo penye habari na kuachia hapo.

Safari hii aliweka visikizio masikioni na kuziacha zijicheze zenyewe. Msimamizi mpya ni mkorofi. Tairi la gari la kazi lilipasuka porini na jeki ilikuwa imesahauliwa. Hiyo hadithi ya tairi ilikwenda mbali, mpaka Dada akaacha kuifuatilia, akawa anasikiliza mashine. Kisha sauti ya Nati ikasema:

"Halafu Dada, Mzee alilalamika ile swichi ya birika ni ngumu, mkono ule bado unamsumbua asubuhi. Nimemrahisishia. Anajaza maji kabla ya kulala, soketi inajiwasha yenyewe alfajiri, yeye akitoka chumbani ni kumimina tu. Kafurahi kama mtoto."

Ulikuwa ujumbe wa wiki mbili nyuma.

Dada hakuelewa papo hapo. Alitoa lenzi kwenye mashine, akaisuuza, akaipima ukingo, akaona imekaa sawa. Alikuwa anaifuta kwa kitambaa ndipo mikono ikasimama. Kama birika linajiwasha lenyewe, basi kwa wiki mbili hizi aliyekuwa akimwandikia kila asubuhi ni birika. Litaandika Mzee akiwa mzima. Litaandika hata kama nyumba haina mtu.

Alipiga simu. Ikaita mpaka ikakatika. Akajiambia Mzee yuko kwa kinyozi, au ameshuka kununua gazeti na simu ameisahau juu ya kochi, kama alivyozoea. Akapiga tena, na tena. Akafungua ukurasa wa ile huduma kwenye simu, akatazama vifaa kimoja kimoja. Friji haikuwa imefunguliwa tangu jana. Chumba cha kulala kilikuwa wazi tangu usiku. Mlango wa bafuni ulikuwa umefungwa, nao pia tangu usiku.

Mzee hufunga mlango wa bafuni akiwa ndani tu. Akitoka huuacha wazi ili pakauke, na aliwahi kuwagombeza wanawe mara nyingi kwa kuufunga. Mlango mkuu ndio ungemwambia kama ametoka nyumbani au la, lakini mlango mkuu haukuwepo kwenye ukurasa. Yeye mwenyewe ndiye aliyeukatalia.

Alimpigia Nati. Hapatikani. Akampigia jirani wa mlango wa pili, mama mmoja aliyejulikana jengo zima kama Mama Pacha, ambaye hakuuliza maswali, akatoka na kandambili zake na kuanza kugonga. Dada alimsikia kupitia simu akiita, Mzee, hodi, Mzee, hodi hapo. Kisha kimya. Kisha sauti yake ikarudi, imeshuka.

"Redio haisikiki, mwanangu. Saa hizi huwa nasikia redio yake mpaka jikoni kwangu."

Dada akamtajia namba za mlango. Mama Pacha akazibonyeza, mlango ukalia mlio wa kukataa. Akarudia taratibu, moja moja. Ukakataa. Hapo Dada akakumbuka kwamba Nati alizibadilisha baada ya fundi bomba kuja, na akasema mpya atampa wakionana uso kwa uso, maana namba za mlango haziandikwi kwenye simu. Hawakuwa wameonana.

Mwenye duka, daktari wa macho, mtu mkimya aliyezoea kuzungumza na wateja gizani, alimwona Dada akihangaika na fundo la aproni na kushindwa. Akalifungua yeye, akamwambia aende, lenzi zitasubiri.

Ndani ya teksi Dada aliweka simu ya Mama Pacha hewani bila kuikata, na kwa vidole vinavyoteleza kwa jasho akarudi kwenye ukurasa wa ruhusa. Akautafuta mlango mkuu. Akauwekea tiki. Ukurasa ukamshukuru, ukamjulisha kwamba namba ya uthibitisho imetumwa kwa mmiliki. Maana yake ilikuwa imetumwa kwenye simu iliyokuwa ndani ya gari, chini ya mnara, mahali asipopajua.

Akamwomba Mama Pacha asubiri kwenye laini, akapiga ofisi ya kampuni ya Nati. Msichana wa mapokezi alimjibu kwa adabu kwamba mafundi wakiwa kwenye kamba hawafikishiwi ujumbe wowote, ni suala la usalama, labda aache jina lake.

"Sikiliza, mama," Dada alisema, na sauti yake mwenyewe ilimshangaza kwa utulivu, "baba yetu yuko nyuma ya mlango, hajibu. Namba ya kuufungua imeingia kwenye simu ya ndugu yangu, na hiyo simu mmeiacha garini. Sitaki ashuke. Namtaka mtu mmoja aliye chini aitazame."

Upande wa pili kalamu ikabofya. Kisha, "Niachie hii namba yako. Nampigia msimamizi sasa hivi."

Foleni ilikuwa imesimama. Dereva, mwanamume wa makamo aliyekuwa amesikia kila kitu, alizima redio yake, akawasha taa za hatari na kuanza kuomba njia kwa kutoa mkono dirishani. Dada aliutazama ukurasa kama mtu anayetazama dirisha la nyumba asiyoweza kuingia. Soketi, milango mitatu, spika. Chini ya spika palikuwa na kitu ambacho hakuwahi kukitumia: andika maneno, yatasomwa kwa sauti.

Aliandika: Baba, ni mimi Dada. Kama uko bafuni na unanisikia, sogeza mlango.

Akabonyeza. Kwenye simu, Mama Pacha alishtuka.

"Kuna mtu anaongea ndani," alisema. "Mwanangu, kuna mtu ndani, namsikia."

Dada ikabidi amwambie kwamba mtu huyo ni yeye mwenyewe, kwa kupitia spika. Pumzi ya Mama Pacha tu ndiyo ilisikika, ikipanda na kushuka.

Mlango wa bafuni: umefungwa. Dada akaongeza sauti ya spika mpaka mwisho, akatuma maneno yale yale. Umefungwa. Akatuma tena. Aliukazia macho ule mstari mpaka herufi zikaanza kucheza. Teksi ikasogea kidogo, ikasimama.

Mstari ukabadilika. Umefunguliwa.

Kabla hajavuta pumzi, ukabadilika tena. Umefungwa.

Inaweza kuwa upepo, alijiambia, ingawa dirisha la bafuni lile lilikuwa dogo na halikufunguka tangu lipakwe rangi. Akaandika, akikosea na kufuta: Baba nimeona. Kama ni wewe, fanya hivyo mara mbili.

Ilichukua muda. Kisha mstari ukafunguliwa, ukafungwa, ukafunguliwa, ukafungwa, na Dada akaegemeza paji la uso kwenye kiti cha mbele na kulia bila sauti. Dereva akauliza kama mgonjwa amejibu. Akaitikia kwa kichwa. Dereva akasema haya basi, akapandisha tairi la kushoto juu ya ukingo wa barabara na kulipita lori la mchanga.

Kuanzia hapo walizungumza, binti na baba, mmoja kwa maandishi yaliyosomwa na mashine, mwingine kwa mlango. Alimwuliza kama ameumia mguu asogeze mara moja, kama ni kifua mara mbili. Mara moja. Akamwuliza kama anavuja damu. Mara moja ndiyo, mara mbili hapana. Mara mbili. Mama Pacha akatumwa kuita gari la wagonjwa kwa simu ya mumewe, na aliporudi mlangoni alianza na yeye kumpigia Mzee kelele za kumtia moyo kupitia tundu la kitasa, ingawa hakuwa na uhakika anasikika.

Majibu yakaanza kuchelewa. Swali moja, kimya kirefu, kisha mlango. Swali jingine, kimya kirefu zaidi. Kisha Dada akauliza kama anahisi baridi na jibu halikuja.

Hakutaka kuuliza tena swali ambalo lisingejibiwa. Akaacha kuuliza, akawa anasimulia tu. Alimwambia yuko wapi, amepita mzunguko upi, dereva ni mzuri, anatumia gia vizuri, wewe ungempenda. Alimwambia mke wa Nati ameanza tena kozi ya upishi. Alimkumbusha jinsi walivyokuwa wakitambua honi ya lori lake kutoka mtaa wa tatu, na mama akiwaambia wajifanye wamelala ili aone kama atawaamsha. Aliandika kila kilichomjia, kwa makosa ya vidole, na mashine ikasoma na makosa yake.

Kisha ukurasa ukamwambia kwamba amefikia kikomo cha ujumbe wa sauti kwa akaunti isiyolipiwa. Ajaribu tena baadaye.

Alibonyeza. Ajaribu tena baadaye. Alibonyeza mpaka dereva akageuka kumtazama. Ndani ya ile nyumba sasa hapakuwa na sauti, na mstari wa bafuni ulikuwa umekaa pale pale, umefungwa, na Dada hakuwa na njia ya kumwambia baba yake kwamba hajaondoka.

Simu ikaita. Namba ngeni. Sauti nzito ya kiume ikasema yeye ni msimamizi wa Nati, ameshika simu yake, imefungwa lakini juu ya kioo kuna ujumbe wenye tarakimu, je ndizo hizo? Dada akasema soma. Msimamizi akasoma kama anayesoma hukumu, tarakimu moja, kituo, tarakimu moja, kituo. Dada akaandika. Ukurasa ukazunguka. Unaniambia muda wa namba umekwisha, Dada alilia, na msimamizi, yule mkorofi wa kwenye hadithi ya tairi, akasema tulia, mama, omba nyingine, mimi siendi popote.

Akaomba nyingine. Akaisikia ikiingia kule, mlio mdogo. Msimamizi akasoma, safari hii haraka. Ukurasa ukazunguka, ukatulia, na chini ya milango mitatu ukatokea wa nne: mlango mkuu. Dada akarudi kwenye laini ya Mama Pacha, akagusa neno fungua.

"Mlango unalia," Mama Pacha alisema. Kisha, "Nimeingia."

Dada alimsikia akikimbia ukumbini, kandambili zikipiga sakafu. Akasikia mlango mwingine ukisukumwa na kugoma, na Mama Pacha akisema Mzee vuta mguu, vuta kidogo tu, baba, hivyo hivyo. Halafu palikuwa na vishindo ambavyo hakuvielewa. Halafu Mama Pacha akasema neno moja, ambalo Dada alilirudia kwa dereva, na dereva akalirudia peke yake.

"Anapumua."

Alipopanda ngazi, wahudumu wa gari la wagonjwa walikuwa wameshamlaza Mzee kwenye machela, amefunikwa blanketi la Mama Pacha lenye picha za magari madogo. Midomo ilikuwa imepasuka, uso wa kijivu. Alikuwa ameteleza akitoka kujisaidia, nyonga ikavunjika, akaita mpaka sauti ikamkauka. Mlango ulifunguka kwa ndani na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa ameuziba. Kilichomfikia mkononi ni pembe ya taulo lililoning'inia kwenye kitasa. Hilo ndilo alilokuwa akilivuta kuufungua, kisha akiusukuma mlango kwa mguu mzima kuufunga. Walipomshusha ngazi bado alikuwa amelishika, na hakuna aliyethubutu kulichukua.

Nati alifika hospitali na alama za mikanda bado zimejichora kwenye shati. Mzee alikuwa ameshaingizwa chumba cha upasuaji. Ndugu hawa wawili walikaa kwenye benchi la ukumbi, kiti kimoja wazi kati yao.

"Nilikwambia habari ya birika," Nati alisema hatimaye.

"Uliniambia baada ya tairi."

"Hukusikiliza."

"Sikusikiliza," Dada alisema. "Na wewe ulijua ujumbe wangu unategemea birika. Ulikuwepo pale mezani. Ulikuwa unakula chungwa."

Nati akasema hakufikiria. Alifikiria mkono wa Mzee tu. Alisema kwamba alipoitwa ashuke mnarani, yale mambo yote ya kufungua na kufunga ndoano ambayo mikono yake huyafanya bila yeye, aliyasahau, ikabidi mwenzake apande kumchukua. Dada akahamia kwenye kile kiti kilichokuwa wazi.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Kesho yake mchana Mzee alikuwa na mto mgongoni na alikuwa ameshamkosoa muuguzi mmoja kwa namna anavyosukuma kitanda kwenye kona. Aliwatazama wanawe wakiwa wamesimama kama watu waliokuja kuomba radhi ukweni, akauliza yule aliyekuwa akiongea nyumbani kwake ni nani.

Dada akamwambia ni mashine. Yeye aliandika, ikasoma.

"Ilikuwa inaongea kama mzungu aliyejifunza juzi," Mzee alisema. "Ba-baa. Ni-mii. Da-daa. Nikasema, basi, nimeshakufa, na huku ndivyo wanavyoongea." Alicheka, akashika nyonga, akaacha kucheka. "Nikajiuliza, lakini wa huku amejuaje habari za honi yangu?"

Nati akacheka naye, akafuta macho kwa kiwiko. Dada alisubiri mpaka mdogo wake alipotoka kutafuta maji, ndipo akamwuliza baba yake kilichomfanya aache kujibu. Mzee alitazama dirishani.

"Vidole viliisha nguvu. Lakini nilikuwa nasikia," alisema. "Kulala pale sakafuni usiku kucha sikuogopa, mama. Nilikasirika tu. Niliogopa ile sauti iliponyamaza."

Dada alitaka kumweleza habari ya kikomo na akaunti isiyolipiwa. Akaona haina maana. Akampa mkono, na Mzee, ambaye hakuwa mtu wa kushikana mikono na wanawe, akaukamata na kukaa nao hivyo mpaka Nati aliporudi.

Jioni ile, kwenye ukumbi wa hospitali, Dada aliifuta ile kanuni. Huduma ikamwuliza kama ana uhakika, kisha ikamwomba achague sababu kati ya sababu ilizompangia. Hakuna hata moja iliyokuwa yake. Akafunga ukurasa.

Waliyoamua hawakuyaamua siku moja, na hawakuyaamua bila kelele. Nati aliondoa kitasa cha namba na kurudisha cha funguo, na Mama Pacha akapewa ufunguo wake. Kisanduku kilibaki juu ya friji, kwa sababu Mzee hakukubali kuachana na redio isiyo na mikwaruzo. Kuhusu mtu wa kushinda naye, alisema atafikiria, na kwa Mzee neno hilo lilikuwa karibu sawa na ndiyo. Mpaka nyonga ipone angekaa kwa Dada, chumba cha mbele, chenye dirisha la kutazama magari.

Siku ya kuruhusiwa Nati alileta gari la kazi. Walimpakia Mzee kiti cha mbele, gongo lake Dada akalishika nyuma. Walipotoka tu getini Mzee alianza kumwambia mwanawe kwamba yuko karibu mno na wa mbele yake, atazame kushoto, apunguze, apunguze sasa. Nati akasema anaona, Baba. Kwenye kila taa Dada aliuona mguu mzima wa baba yake ukikandamiza sakafu ya gari kwa nguvu zote, pale ambapo breki ingekuwa.